Khalid Yasin wa Newark, mpiga kinanda

Ukilitaja jina la Khalid Yasin mbele ya Waislamu wa mjini, wengi watamkumbuka mara moja yule mhadhiri wa Kimarekani ambaye mihadhara yake ya Kiingereza ilisambaa sana kwa kanda za video na baadaye kwa sidii. Huyo siye ninayemkusudia leo. Kabla yake alikuwapo Khalid Yasin mwingine, naye Mmarekani mweusi, naye aliyesilimu ukubwani, lakini huyu hakuwa mtu wa mimbari. Kazi yake ilikuwa kupiga kinanda. Ulimwengu wa muziki unamfahamu zaidi kwa jina alilozaliwa nalo, Larry Young. Alizaliwa Newark, katika jimbo la New Jersey, tarehe 7 Oktoba 1940, na akafariki New York tarehe 30 Machi 1978, akiwa na umri wa miaka 37 tu.

Najua wapo watakaouliza: ukurasa huu na mpiga kinanda wapi na wapi? Swali hilo ni la haki. Sisi tunaofundisha elimu ya dini ya Kiislamu mashuleni huulizwa na vijana karibu kila muhula iwapo mwanamuziki fulani au mcheza mpira fulani ni Muislamu kweli. Na majibu yetu watu wazima huwa ya aina mbili. Wapo wanaoyakusanya majina hayo na kujifaharisha nayo, kana kwamba dini ya Allah (SW) inahitaji kupambwa na mabingwa wa Marekani. Na wapo wanaosema kwamba mtu aliyekula kwa muziki hana la kuzungumzwa, mambo yake yafungwe. Wa kwanza hawamjui mtu mwenyewe, wanajua jina lake tu. Wa pili hawataki kumjua. Kuhusu ala za muziki rai ya wanazuoni walio wengi katika madhehebu yetu inajulikana, na mimi ndiyo ninayoifuata. Inajulikana pia kwamba Ibn Hazm wa Andalusia aliona vingine. Sitaurudia mjadala huo hapa. Ninachotaka ni kueleza maisha ya mtu huyu jinsi yalivyokuwa, kwa sababu ndani yake kuna mengi kuhusu namna Uislamu ulivyowafikia watu weusi wa Marekani, na bei waliyolipa walioupokea.

Tuanze na mji wenyewe. Newark iko ng'ambo tu ya jiji la New York, ni mji wa bandari na viwanda. Tangu miaka ya vita kuu ya kwanza watu weusi walikuwa wakihamia huko kwa maelfu kutoka majimbo ya kusini, wakikimbia umaskini wa mashamba ya pamba na wakikimbia kunyongwa bila mahakama. Mji ule umetoa wanamuziki wengi kupita ukubwa wake. Mwimbaji Sarah Vaughan ni wa Newark, mpiga saksafoni Wayne Shorter ni wa Newark, na mpiga tarumbeta Woody Shaw alikulia huko huko. Newark pia ni miongoni mwa miji ya mwanzo ya Marekani ambako watu weusi walianza kuvaa tarbushi na kujiita Waislamu. Vuguvugu la Noble Drew Ali, lililojulikana baadaye kama Moorish Science Temple, linahesabu mwanzo wake Newark mwaka 1913. Mafundisho yake yalikuwa mbali na Uislamu tunaoufahamu, lakini neno Uislamu liliingia masikioni mwa watu kwa mlango huo.

Baba yake Larry naye alikuwa mpiga kinanda, na kijana alianza kwa kusomeshwa piano ya muziki wa Ulaya, ule wa kuandikwa na kusomwa katika karatasi. Kisha akahamia kwenye kinanda cha umeme. Hapa inabidi tueleze kidogo kinanda chenyewe, kwani si kile tulichozoea kukiona kwenye kumbi za harusi.

Laurens Hammond wa Chicago alikuwa mtengeneza saa, na inaelezwa kwamba yeye mwenyewe hakujua kupiga muziki. Mwaka 1935 alianza kuuza kinanda ambacho ndani yake mota ya umeme huzungusha magurudumu madogo ya chuma mbele ya sumaku zilizofungwa nyaya. Kila gurudumu lina meno yake, na idadi ya meno na mwendo wa gurudumu ndivyo vinavyoamua sauti iwe nene au nyembamba. Katika aina iliyopata sifa zaidi, B-3, iliyotoka katikati ya miaka ya 1950, magurudumu ni 91. Mpigaji ana safu mbili za vitufe vya mkono, safu ya vikanyagio chini ya miguu, na vijiti vya kuvuta, tisa kwa kila fungu, vya kuchanganya sauti anavyotaka. Ukikiweka pamoja na vikanyagio na benchi lake uzito wake unakaribia kilo 200. Kukipandisha ghorofani ilikuwa kazi ya wanaume wanne.

Hammond alikusudia kuyauzia makanisa yasiyokuwa na fedha za kununua vinanda vikubwa vya mabomba. Makanisa ya watu weusi yalikipenda. Kutoka kanisani kikaingia baa, tena kwa sababu ya kibiashara kabisa. Mpiga kinanda mmoja, kwa mkono wa kushoto na miguu, anaweza kupiga besi yeye mwenyewe, hivyo mwenye baa haajiri mpiga besi. Kinanda, gitaa na ngoma, watu watatu tu, wanatoa sauti ya kuijaza nyumba. Mwaka 1956 Jimmy Smith wa Pennsylvania alianza kurekodi kwa kampuni ya Blue Note, na kuanzia hapo kila mtaa wa weusi kaskazini mwa Marekani ukawa na baa yenye kinanda. Ndio muziki ulioitwa jazi ya soul, yaani jazi iliyorudi kuchota katika nyimbo za kanisa na za huzuni za kusini, ikapigwa kwa mwendo wa kuchezeka. Wazee wetu wa Dar es Salaam watalikumbuka neno hilo soul, kwani mwaka 1969 muziki wa jina hilo ulipigwa marufuku jijini kwa amri ya mkoa, kwa hoja kwamba unaharibu vijana. Muziki wenyewe uliopigwa marufuku ulikuwa mwingine, wa waimbaji na wacheza dansi, lakini ukoo ni mmoja.

Larry Young alizaliwa ndani ya dunia hiyo, na akaimudu mapema. Tarehe 2 Agosti 1960, kabla hajatimiza miaka 20, alirekodi santuri ya kwanza kwa jina lake. Iliitwa Testifying, neno la kanisani, maana yake ni kutoa ushuhuda mbele ya waumini. (Aliyepiga ngoma siku hiyo aliitwa Jimmie Smith, lakini si yule mpiga kinanda. Wasikilizaji wengi wamechanganyikiwa hapo.) Mwaka huo huo akarekodi Young Blues, na mwaka 1962 Groove Street. Alipiga pia na wakubwa kama Lou Donaldson na Hank Mobley. Santuri hizo za mwanzo ni nzuri, kazi safi ya kijana aliyefuata nyayo za Jimmy Smith kwa uangalifu. Angeendelea hivyo angeishi maisha ya kawaida ya wapiga kinanda wa wakati ule, akihama baa kwa baa, na pengine angeishi muda mrefu zaidi. Hakuendelea hivyo.

Mabadiliko yanaonekana kuanzia mwaka 1964. Blue Note walimwita apige pamoja na mpiga gitaa Grant Green na mpiga ngoma Elvin Jones, ambaye wakati huo alikuwa katika kundi la John Coltrane. Kundi la Coltrane ndilo lililokuwa likiibadili jazi nzima, na mpiga piano wake, McCoy Tyner, alikuwa Muislamu aliyesilimu kijana kabisa na kuchukua jina la Sulaimon Saud. Tyner alikuwa na namna yake ya kupanga sauti ambayo haikutulia katika njia zilizozoeleka za blues, bali iliacha nafasi wazi, kana kwamba nyumba haina kuta. Larry Young aliichukua namna hiyo akaihamishia kwenye kinanda. Alipunguza mtetemeko, alipunguza kelele za kanisa na za baa, akaacha kinanda kizungumze taratibu. Jack McDuff, mpiga kinanda mwenzake na mshindani, ndiye aliyemfananisha na Coltrane, kwamba alichofanya Coltrane kwa saksafoni huyu amekifanya kwa kinanda. Sifa ya mshindani ina uzito wake.

Mwishoni mwa mwaka 1964 akaenda Paris. Alikuwa huko na Woody Shaw, kijana wa nyumbani, na mpiga saksafoni Nathan Davis, wakapiga katika klabu na katika studio za redio ya taifa ya Ufaransa. Weusi wengi wa Marekani walikwenda Paris miaka ile kupumua. Alirudi mwaka 1965, na tarehe 10 Novemba mwaka huo akaingia studio ya Rudy Van Gelder huko Englewood Cliffs, New Jersey. Van Gelder alikuwa mpima macho kwa taaluma, fundi wa kurekodi kwa mapenzi, mpaka mapenzi yakawa ndio kazi. Siku hiyo walirekodi Unity. Walikuwa wanne: Young, Shaw ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 21, Joe Henderson wa saksafoni, na Elvin Jones. Hakuna mpiga besi, besi yote inatoka kwa Young. Wajuzi wa fani hii wanaihesabu Unity kuwa miongoni mwa santuri bora zilizowahi kupigwa kwa kinanda. Jambo ambalo mimi limenivutia ni jingine. Santuri ina vipande sita, vitatu ni vya Shaw, kimoja cha Henderson, viwili ni vya watu wa nje. Cha Young mwenyewe hakuna hata kimoja. Jina lake ndilo lililoandikwa juu, naye akawaachia wengine waseme.

Kuhusu kusilimu kwake, dalili ya wazi ni ya mwaka 1966. Mwezi Julai mwaka huo alirekodi Of Love and Peace, na kipande cha mwisho alikipa jina la Falaq. Hakuna maneno ndani yake, ni vyombo vitupu, vinavyokimbizana kwa fujo. Wanunuzi wa santuri wa Marekani walilipita neno hilo bila kujua linatoka wapi. Muislamu yeyote, hata mtoto wa madrasa, analijua. Mtu anaweza kubishana kama jina la sura linafaa kuwekwa hapo, nami nasema halifai. Lakini aliyeliweka hakuliokota katika kamusi. Bila shaka sura hiyo ya kujikinga kwa Mola wa mapambazuko alikuwa akiisoma.

Alifikaje huko? Ndugu msomaji, inabidi turudi nyuma kidogo, na historia yenyewe haitupendezi sana. Mwaka 1920 aliwasili Marekani Mufti Muhammad Sadiq, mjumbe wa Ahmadiyya kutoka India. Msimamo wetu juu ya kundi hilo unajulikana. Lakini ukweli wa historia ni kwamba wao ndio waliotangulia kuchapisha gazeti la Kiislamu la Kiingereza nchini humo, mwaka 1921, na wao ndio waliopita katika mitaa ya weusi wakati wengine hawajafika. Katika miaka ya 1940 wanamuziki wengi wa jazi waliupata Uislamu kwa njia yao. Art Blakey akawa Abdullah Ibn Buhaina. Edmund Gregory akawa Sahib Shihab. Yusef Lateef na Ahmad Jamal tunawajua kwa majina yao ya Kiislamu tu, hakuna tena anayekumbuka ya zamani. Kwa upande wa Ahlu Sunna, Sheikh Daoud Faisal alikuwa na kituo chake State Street, Brooklyn, na wanamuziki walifika huko pia.

Mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie, ambaye yeye si Muislamu, alieleza katika kitabu chake sababu moja ambayo wahubiri hawaitaji. Wakati huo mwanamuziki hakuruhusiwa kupiga katika klabu za New York bila kadi ya polisi. Mtu mweusi aliyebadili jina kuwa la Kiarabu aliweza kuandikiwa kwenye kadi hiyo kwamba ni mzungu, kwa hoja kwamba si Mnegro bali ni Muislamu, na kwa kadi hiyo akala katika mgahawa ambao jana yake alifukuzwa. Wapo basi waliobadili jina kwa ajili ya sahani ya chakula. Siwezi kuwacheka. Ila kwa Larry Young sababu hiyo haisimami, kwani yeye alibaki na jina la Larry Young kazini. Faida ya kidunia ya jina la Khalid Yasin hakuichukua kabisa. Kwenye majalada ya santuri zake kampuni ziliendelea kuandika jina la zamani, kwa kuwa ndilo lililouza, na waliomjua nyumbani na katika bendi wakamwita Khalid.

Hapo ndipo ninapoiona shida ya maisha yake, kuliko katika suala la ala. Kinanda cha Hammond kiliishi mahali pawili, kanisani na baa. Kanisa lilikuwa si lake tena. Baa hupewi mshahara isipokuwa pombe iuzwe. Alikuwa na ufundi mmoja alioujenga tangu utotoni, na hakukuwa na sehemu hata moja ya halali iliyo safi ambako ufundi ule ungenunuliwa. Sisi tuliozaliwa katika nyumba za Waislamu, misikiti ya babu zetu ikiwa jirani, tunapenda kumhukumu haraka mtu wa namna hii. Nani angemlisha? Jamii ya Waislamu ya Newark mwaka 1966 ilikuwa ni watu wachache, masikini, waliogawanyika makundi ambayo hayasalimiani.

Mwaka uliofuata mji wenyewe uliungua. Kuanzia tarehe 12 hadi 17 Julai 1967, baada ya polisi kumpiga dereva wa teksi mweusi, Newark iliingia katika ghasia ambazo ziliua watu 26. Askari wa jimbo waliingia na vifaru. Katika siku hizo hizo, tarehe 17 Julai, John Coltrane alifariki kwa saratani ya ini akiwa na miaka 40. Miezi miwili baadaye, Septemba 1967, Larry Young aliwakusanya tena watu wa kwao, akarekodi Contrasts, na ndani yake akaimba mkewe, Althea.

Niingize jambo moja hapa, linatuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili. Mshairi mkubwa wa Newark, LeRoi Jones, aliyepigwa na kukamatwa katika ghasia zile, alipewa jina la Kiarabu na Hajj Heshaam Jaaber, Muislamu aliyeshughulikia maziko ya Malcolm X mwaka 1965. Kisha jina hilo likageuzwa kuwa la Kiswahili, Amiri Baraka, na juu yake akawekewa cheo cha Imamu. Kwa miaka kadhaa katika mitaa ya Newark vijana walisalimiana kwa maneno ya Kiswahili wasiyoyajua kwa mama zao. Baadaye Baraka aliuacha mwelekeo ule akashika Umaksi, cheo cha Imamu akakitupa, jina akabaki nalo mpaka alipofariki mwaka 2014. Wengi walivaa majina miaka ile, na wengi waliyavua. Khalid Yasin lake hakulivua.

Mwaka 1968 alitoa Heaven on Earth, ambayo ndani yake kuna kipande kinachoitwa The Hereafter, yaani Akhera, na mpiga gitaa ni George Benson, ambaye baadaye alitajirika kwa kuimba. Februari 1969 akarekodi Mother Ship pamoja na mpiga tarumbeta Lee Morgan. Blue Note, ambayo waanzilishi wake walikuwa wameiuza, iliifungia kabatini. Ilitoka mwaka 1980. Wakati huo Morgan na Young wote wawili walikuwa marehemu.

Mwaka huo wa 1969 ulikuwa wa ajabu kwake. Mwezi Mei alipiga usiku mmoja na Jimi Hendrix katika studio ya New York, wakipiga tu bila kuandika wala kupanga. Sehemu yake nayo ikatoka mwaka 1980. Mwaka huo huo akaingia katika kundi la Tony Williams, mpiga ngoma mwenye miaka 23 aliyekuwa ametoka kwa Miles Davis, pamoja na mpiga gitaa Mwingereza John McLaughlin. Watatu hao walijiita Lifetime, wakarekodi santuri mbili ziitwazo Emergency! Muziki wao ulikuwa na makelele ya roki na akili za jazi, na watu wa pande zote mbili hawakuuelewa. Tena ulirekodiwa vibaya, sauti zinakwaruza. Mwaka 1970 aliongezeka Jack Bruce, mpiga besi aliyekuwa ametajirika na kundi la Cream la Uingereza, na hata hivyo kundi halikudumu. Ukisikiliza leo utaona kwamba Young ndiye anayelishikilia lisianguke. Na nusu ya makundi ya jazi na roki yaliyojaza viwanja vikubwa miaka ya 1970 yalijengwa juu ya yale yaliyofanyika pale.

Agosti 1969 Miles Davis naye alimwita. Katika kurekodi Bitches Brew aliwaweka wapiga piano ya umeme watatu kwa pamoja katika baadhi ya vipande, Chick Corea, Joe Zawinul na Larry Young. Santuri ile iliuzwa sana kupita kawaida ya jazi. Corea na Zawinul wakatoka hapo kwenda kuunda makundi yao, Return to Forever na Weather Report, wakawa matajiri na mashuhuri. McLaughlin naye akaunda Mahavishnu Orchestra. Young akarudi Newark. Sidhani kama ni suala la kipaji. Wenzake walikuwa na mameneja na kampuni kubwa nyuma yao, yeye alikuwa na kinanda cha kilo 200.

Mwaka 1973 ndipo jina la Khalid Yasin lilipochapishwa mahali ambapo watu wengi waliliona. McLaughlin na Carlos Santana walirekodi Love Devotion Surrender kwa kumuenzi Coltrane. Wote wawili walikuwa wafuasi wa Sri Chinmoy, mwalimu wa Kihindu aliyekuwa New York. Picha yake imo katika jalada. Kati ya watu hao, kwenye kinanda, kuna Khalid Yasin, jina la Larry Young likifuata tu kama maelezo. Inafikirisha kwamba palipokuwa na Waislamu wachache kabisa ndipo alipoitwa kwa jina lake.

Mwaka huo huo kampuni ndogo iitwayo Perception ilitoa santuri yake Lawrence of Newark. Jina hilo ni mzaha, na ni mzaha wenye makali. Dunia inamsifu Lawrence wa Uarabuni, yule ofisa wa Kiingereza aliyevaa kanzu na kilemba akawapigisha Waarabu vita dhidi ya Dola ya Uthmaniya, huku serikali yake ikiwa imekwishaigawa ardhi yao na Wafaransa. Huyu Lawrence wa pili hakwenda Uarabuni. Kipande kimoja kinaitwa Saudia, kingine kinamtaja Khalid wa anga za juu. Ni kikundi kikubwa, ngoma nyingi, kinanda kinapita juu yake kama upepo. Kampuni ilikufa muda mfupi baadaye na santuri ikapotea madukani kwa miaka mingi.

Zilizofuata, Fuel ya 1975 na Spaceball ya 1976, alizirekodi kwa kampuni kubwa ya Arista, nazo nitazipita haraka. Ni muziki wa dansi wa wakati ule, umewekewa sinthesaiza na waimbaji, mkono wake unasikika hapa na pale. Mtu alihitaji kula. Kinanda chenyewe cha magurudumu kilikuwa kikifa, Hammond waliacha kukitengeneza katikati ya miaka ile ya 1970 kwa kuwa vyombo vidogo vya elektroniki vilikuwa rahisi na vyepesi. Rekodi nzuri ya mwisho ni Double Exposure, aliyopiga na mpiga ngoma Joe Chambers mwishoni mwa 1977, ambayo Chambers alikaa kwenye piano na Khalid kwenye kinanda, wawili tu karibu muda wote. Hakuna sinthesaiza. Amerudi kuwa yule wa 1965.

Machi 1978 aliingia hospitali akilalamika maumivu ya tumbo. Alifia humo, kwa ugonjwa uliotajwa kuwa ni nimonia. Katika nchi tajiri kuliko zote duniani, mtu wa miaka 37 anafariki kwa nimonia. Waliomwandikia tanzia walikuwa wachache.

Mwaka 2016 zilitolewa kwa mara ya kwanza rekodi alizopiga katika redio ya Ufaransa miaka ya 1964 na 1965, zilizokuwa zimekaa kwenye maghala kwa nusu karne. Jina lililoandikwa kwenye jalada ni Larry Young. Ana miaka 24, Woody Shaw ana 20, wako mbali na Newark, na Falaq bado hajaitunga.